Ukiongeza raundi, sumaku inaongezeka nguvu? Mwongozo kamili wa kusuka na kupima sumaku umeme

Aliyesoma fizikia ya sekondari anaikumbuka sentensi hii: nguvu ya sumaku umeme huongezeka kadiri mizunguko ya waya inavyoongezeka. Ukiiandika kwenye mtihani unapata alama. Ukiipeleka mezani, ukiwa na waya na betri, inaweza kukuacha umeshika tama. Unasuka raundi 400, sumaku inavuta vizuri. Unaongeza nyingine 400 juu yake, jioni imekwisha, vidole vinauma, halafu unakuta inabeba mzigo uleule.

Sentensi ile si ya uongo, ila imekatwa katikati. Kinachovuta ni raundi zikizidishwa na ampea zinazopita ndani ya waya. Na hapo ndipo penye mtego: raundi zikiongezeka waya unarefuka, waya ukirefuka ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda ampea zinashuka. Unachoingiza kwa mlango wa mbele kinatokea kwa mlango wa nyuma. Katika mwongozo huu tutasuka koili moja, tuipime kwa njia mbili, na tuone kwa macho ni lini raundi zinalipa na ni lini zinakula waya bure.

Neno moja kwanza. "Mizunguko" ndiyo lugha ya kitabu. Mafundi wanaosuka mota husema raundi, nami nitawafuata, maana mzunguko pia ni njia nzima ya umeme, na maneno mawili yakigongana msomaji anapotea.

Vitu vya kutafuta

Nenda kwa fundi anayesuka mota umwombe waya wa shaba wenye vanishi, geji 25. Unene wake ni nusu milimita. Huuzwa kwa kupimwa kwenye mizani, na kwa kazi hii gramu 60 zinatosha, yaani zaidi ya mita 30. Waya wa nyumba wenye ganda la plastiki nao unafanya kazi kwa raundi chache, ila ganda linakula nafasi na ukifika raundi 100 tayari koili imekuwa bonge.

Tafuta msumari wa inchi 6, mweusi, usiopakwa zinki. Betri nne kubwa za tochi, zile nene za volti 1.5 ambazo wengine bado tunaziita mawe. Rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 5, ile nyeupe ya mstatili inayofanana na kipande cha chaki. Mafundi redio wanazo kwenye makopo yao. Multimita, hata ya bei rahisi. Boksi la pini za karatasi. Washa moja ya chuma, yaani kile kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya nati, uzi, kikombe chepesi cha plastiki, na bomba la sindano la mililita 10 bila sindano yake. Kisha msasa, tupa, tepu ya umeme na kipande cha katoni gumu.

Tukiwa bado hapa, tumalize habari ya hatari. Usitumie betri ya gari, ya sola, ya simu wala ya laptop. Koili ya raundi 100 tutakayoisuka ina ukinzani wa kama omu 0.2 tu. Ukiipa volti 12 za betri ya gari, zitapita makumi ya ampea na waya utakuwa mwekundu kabla hujahesabu hadi tano. Betri za lithiamu zinaweza kushika moto zenyewe. Umeme wa ukutani usiuunganishe hata kwa utani. Betri za tochi zina kasoro inayotufaa: ndani yake mna ukinzani wake wenyewe, unaozuia ampea zisifike mbali. Kasoro hiyo tutaikuta tena, maana ndiyo mhusika mkuu wa jaribio la pili.

Hatua ya 1: lainisha msumari

Wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa kwa nini pini zinabaki zimeng'ang'ania hata betri ikitolewa. Msumari hutengenezwa kwa waya wa chuma uliovutwa na kugongwa ukiwa baridi, kwa hiyo chuma chake kimekakamaa, na chuma kilichokakamaa kina kumbukumbu: kikipata usumaku hakiuachi wote. Sisi tunataka chuma kisahaulifu.

Uweke msumari ndani ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, mpaka uwe mwekundu kote. Kisha ufukie kwenye majivu ya moto, uache upoe polepole mpaka kesho yake. Usiumwagie maji, maana kuupoza ghafla kunaweza kuurudishia ugumu tunaotaka kuuondoa. Na ndiyo sababu nimesisitiza usiwe na zinki: zinki ikiungua hutoa moshi mbaya kwa mapafu.

Ukishapoa, saga kichwa chake kwa tupa kiwe bapa kabisa. Hapo ndipo mahali pa kunasia. Chini ya kichwa kuna mikwaruzo ya kiwandani yenye makali. Isage nayo, kisha zungushia tepu safu moja pale waya utakapokaa. Makali yale yakikwaruza vanishi, umeme utapita njia ya mkato kupitia msumari, na raundi zako 800 zitafanya kazi kama 300.

Kata visahani viwili vya katoni vyenye kipenyo cha sentimita 3, vitoboe katikati. Kimoja kisukume hadi karibu kabisa na kichwa cha msumari, kingine kiweke milimita 55 kutoka cha kwanza. Vigundishe. Sasa una kigurudumu cha kusukia.

Hatua ya 2: suka, na uhesabu kama mwenye duka

Acha mkia wa waya wa sentimita 15, anza upande wa kichwa cha msumari. Raundi zilale ubavu kwa ubavu, zisipandane. Katika milimita 55, safu moja inameza karibu raundi 100. Ukifika mwisho, weka safu ya tepu, kisha rudi ulikotoka ukiwa bado unazungusha upande uleule. Kwenda na kurudi kwa safu hakuna neno. Lililo kosa ni kugeuza mkono: ukianza kuzungusha kinyume, raundi mpya zinazifuta za zamani. Raundi 100 kulia na 100 kushoto ni sawa na sifuri, na betri inachoka vilevile.

Usikate waya unapofika idadi unayotaka. Kwenye raundi 50, 100, 200, 400 na 800, vuta kitanzi cha sentimita 5, kisokote, kibandike tepu iliyoandikwa namba, endelea. Hivyo koili moja inakuwa koili tano, kwenye msumari uleule na waya uleule, na hakuna wa kusingizia tofauti ya vifaa.

Kuhusu kuhesabu, usitegemee kichwa. Atapita mtu apige hodi, na ukimaliza kusalimiana hujui kama ulikuwa 137 au 173. Weka bakuli mbili na punje 40 za maharage. Kila ukimaliza raundi 20, hamisha punje moja.

Mwisho, kwangua vanishi kwenye mikia na kwenye kila kitanzi kwa msasa mpaka shaba ing'ae pande zote. Vanishi ina rangi ya shaba, kwa hiyo jicho linadanganyika. Koili yangu ya kwanza sikuikwangua. Nilirudisha betri dukani mara mbili, muuzaji akazibadilisha kwa upole, na zote zilikuwa nzima.

Weka multimita kwenye mlio. Gusa mwanzo wa waya na kila kitanzi: lazima ilie. Gusa mwanzo wa waya na msumari: lazima inyamaze. Usijaribu kupima ukinzani wa koili kwa mita ya bei rahisi, kwani nyaya zake zenyewe zinaweza kuwa na ukinzani kuliko koili. Afadhali hesabu: waya wa shaba wa nusu milimita una takriban omu 0.088 kwa kila mita.

Hatua ya 3: jaribio la kwanza, ampea zikiwa zimefungwa kamba

Ili kuona kazi ya raundi peke yake, ni lazima kwanza uzizuie ampea zisibadilike. Hiyo ndiyo kazi ya rezista ya omu 10. Panga betri nne mfululizo, rezista, multimita iliyowekwa kwenye tundu la ampea 10, kisha koili. Mkondo uingie kwenye mwanzo wa waya na kutokea kwenye kitanzi unachokipima. Vitanzi vingine viache hewani.

Rezista ni kubwa kiasi kwamba koili haina sauti. Nikichukulia kila betri ina ukinzani wa ndani wa nusu omu, hesabu inatoa ampea 0.50 kwenye raundi 50 na 0.46 kwenye raundi 400. Tofauti ni ndogo. Kwa hiyo ampea-raundi, yaani ampea mara raundi, zinakwenda hivi: 25, 49, 97, 186 kwa raundi 50, 100, 200 na 400. Zinakaribia kujirudufu kila mara. Hapa kitabu cha shule kinasema kweli tupu.

Zamisha kichwa cha msumari kwenye rundo la pini, gusisha umeme, inua taratibu, hesabu zilizonasa. Fanya mara tatu kwa kila kitanzi, uchukue wastani. Usizidishe sekunde 5 kila mara. Panda kutoka 50 hadi 800, kisha ushuke kutoka 800 hadi 50. Betri ikiwa imechoka njiani, namba za kushuka zitakuwa ndogo kuliko za kupanda, nawe utajua si kosa la raundi.

Usitarajie pini zilingane na hesabu kwa usahihi. Pini huning'inizana mkia kwa mkia, zingine zinabebwa na wenzake. Unachotafuta ni mwelekeo, na mwelekeo utauona bila miwani. Chomoa pia msumari mara moja, ukiweza, uone koili tupu inavuta pini ngapi. Karibu hakuna. Waya unaanzisha tu. Chuma ndicho kinachozidisha uga wa sumaku mara nyingi.

Hatua ya 4: jaribio la pili, betri moja tu

Toa rezista, bakiza betri moja. Multimita nayo isome mara moja kwa kila kitanzi kisha uitoe njiani, kwa sababu hapa hata nyaya zake zinapunguza ampea. Ukimaliza na ampea, rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti. Anayesahau, kesho ataigusisha kwenye betri akidhani anapima volti, na fyuzi ya mita itakwenda.

Kwa jaribio hili tunaacha pini tunatumia maji. Funga uzi kwenye washa, uning'inize kikombe cha plastiki chini yake. Funga msumari kwenye kiti au ukingo wa meza, kichwa kikitazama chini. Bandika kwenye kichwa kipande kimoja cha karatasi ya daftari. Karatasi hiyo inahakikisha nafasi kati ya chuma na chuma ni ileile kila mara, maana hata uchafu kidogo hapo unabadilisha jibu. Washa umeme, gusisha washa, ongeza maji kwa bomba la sindano mpaka kikombe kidondoke. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Ongeza uzito wa washa na kikombe, unapata mzigo. Weka beseni chini, la sivyo utafuta sakafu mara 15.

Fanya haraka, umeme usikae zaidi ya sekunde 10, na betri uipumzishe dakika moja kati ya vipimo. Ukihitaji muda zaidi, kata umeme, acha maji yalivyo, uanze tena kutoka karibu na pale kilipodondokea.

Hili ndilo jedwali la kulinganisha nalo. Nimelihesabu kwa betri moja ya volti 1.5 yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.5, waya wa nusu milimita juu ya msumari wa milimita 6, pamoja na mikia ya sentimita 15:

| Raundi | Waya (mita) | Ukinzani wa koili (omu) | Mkondo (ampea) | Ampea-raundi |
|---|---|---|---|---|
| 50 | 1.3 | 0.12 | 2.43 | 120 |
| 100 | 2.3 | 0.20 | 2.13 | 215 |
| 200 | 4.7 | 0.41 | 1.64 | 330 |
| 400 | 10.5 | 0.92 | 1.05 | 420 |
| 800 | 26.3 | 2.30 | 0.54 | 430 |

Itazame safu ya mwisho. Kutoka 50 kwenda 100, ampea-raundi karibu zinajirudufu. Kutoka 100 kwenda 200, zinaongezeka kwa nusu. Kutoka 200 kwenda 400, robo na kidogo. Kutoka 400 kwenda 800 umeongeza mita 16 za waya ukapata 10 tu, kiasi ambacho kikombe chako cha maji hakitakitambua.

Betri yako haitalingana na yangu. Ipime: soma volti zake ikiwa haina kazi, kisha soma volti zake ikiwa inasukuma koili ya raundi 200, na ampea zake wakati huohuo. Toa volti za pili kwenye za kwanza, gawanya kwa ampea. Jibu ndilo ukinzani wa ndani. Betri za alkali mpya huwa chini sana ya nusu omu. Zilizochoka hupanda juu yake. Ndiyo maana watu wawili wanafanya jaribio lilelile na mmoja anaapa kwamba raundi zinasaidia, mwingine anaapa hazisaidii. Kila mmoja anaisema betri yake.

Kwa nini inakuwa hivyo

Chukua mfano wa betri ya ndotoni isiyo na ukinzani wa ndani. Kila raundi ina urefu wa, tuseme, sentimita 2.5, na ukinzani wa omu 0.0022. Raundi moja peke yake ingepitisha ampea 685: ampea-raundi 685. Raundi 100 zingepitisha ampea 6.85: ampea-raundi 685. Raundi 400, ampea 1.7: bado 685. Kwenye betri ya namna hiyo idadi ya raundi haina maana kabisa kwa nguvu ya sumaku! Kila unachoongeza kwa raundi kinaondolewa kwenye ampea, bila deni wala chenji.

Betri halisi inaharibu ulinganifu huo. Raundi zikiwa chache, anayezuia ampea ni betri yenyewe. Koili ni kama haipo. Hapo kuongeza raundi ni faida karibu tupu, kwa sababu ampea hazishuki sana. Raundi zikiwa nyingi, mzuiaji anakuwa koili, na tunarudi kwenye ile ndoto: ongeza uwezavyo, hupati kitu. Mpaka kati ya hali hizo mbili uko pale ukinzani wa koili unapokaribia kulingana na ukinzani wa ndani wa betri. Kwenye jedwali langu ni kati ya raundi 200 na 400. Zaidi ya hapo, safu za nje nazo zinanenepa, kila raundi inakula waya mrefu kuliko ya ndani yake, na hesabu inazidi kuwa mbaya.

Basi raundi 400 za mwisho zilikuwa hasara? Kwa nguvu, ndiyo. Lakini rudi kwenye safu ya mkondo. Sumaku ya raundi 800 inavuta sawa na ya 400 kwa ampea 0.54 badala ya 1.05. Betri itadumu kama mara mbili au zaidi, na haitachemka. Kwenye raundi 100 utaona jambo la ajabu kidogo: betri inapata moto kuliko koili. Ni sawa, kwa sababu omu 0.5 ziko ndani ya betri na 0.2 tu ziko kwenye waya. Joto jingi linazaliwa kule.

Hivyo kabla ya kusuka jiulize unataka nini. Ukitaka nguvu kubwa ya muda mfupi ndani ya nafasi uliyo nayo, chagua unene wa waya utakaojaza nafasi hiyo na kuipa koili ukinzani unaokaribia wa betri. Ukitaka sumaku ikae imewashwa saa nzima, jaza raundi nyingi kuliko hapo. Na ukitaka nguvu zaidi bila kubadilisha betri, usiongeze raundi, ongeza unene wa waya: waya wa milimita 1 una robo ya ukinzani wa ule wa nusu milimita kwa urefu uleule. Ila nao unajaza nafasi mara nne kwa kasi. Hakuna cha bure kwenye koili.

Waliopita njia hii kabla yetu

Mwingereza William Sturgeon alionyesha sumaku umeme yake mwaka 1825. Ilikuwa chuma kilichokunjwa kama kwato ya farasi, chenye uzito wa kama gramu 200, na raundi 18 tu za waya wa shaba ulio wazi. Kwa kuwa waya haukuwa na ganda, alikipaka vanishi chuma chenyewe, na raundi akaziachanisha zisigusane. Ikanyanyua kama kilo 4.

Joseph Henry, mwalimu wa Albany Academy huko Marekani, akageuza mambo: ganda akaliweka kwenye waya, kwa kuufunga na hariri. Sasa raundi ziliweza kubanana na kupandana safu juu ya safu. Lakini Henry naye aligonga ukuta uleule wa jedwali letu. Kwa betri yenye seli moja, waya mmoja mrefu ulikuwa unakaba mkondo. Akasuka koili 9 tofauti za waya wa kama mita 18 kila moja juu ya chuma kimoja, kisha akaziunganisha sambamba, ili mkondo ugawane njia tisa fupi badala ya kupenya njia moja ndefu. Sumaku ile ilibeba zaidi ya kilo 300. Mwaka 1831 akatengeneza nyingine kwa ajili ya chuo cha Yale iliyobeba zaidi ya kilo 900.

Unaweza kumfuata hapo hapo mezani kwako. Baada ya safu ya nne, kata waya na uanze koili ya pili ya raundi 400 juu yake, upande uleule wa kuzungusha. Ziunganishe mfululizo, upime. Kisha mwanzo na mwanzo, mwisho na mwisho, upime tena. Kwa betri moja tofauti itakuwa ndogo au kubwa kutegemea ukinzani wake wa ndani, na sasa unajua kwa nini.

Chuma nacho hushiba

Kuna dari nyingine ambayo raundi wala ampea haziivuki. Ndani ya chuma mna vijisumaku vidogo mno ambavyo kwa kawaida kila kimoja kinatazama kwake. Koili inavigeuza vitazame upande mmoja. Vikishageuka vyote, chuma kimeshiba. Ongeza umeme upendavyo, utapasha moto waya tu. Chuma laini hushiba kwenye tesla 2 hivi, tesla ikiwa kipimo cha uga wa sumaku. Kabla ya kushiba, nguvu ya kunasa hufuata mraba wa uga: uga ukiwa mara mbili, mzigo mara nne. Ndiyo maana kwenye jaribio la maji mzigo hupanda kwa kasi kuliko ampea-raundi. Uga wa tesla 1 kwenye uso wa kunasia unatoa karibu kilo 4 kwa kila sentimita moja ya mraba.

Ukitaka kulisukuma hadi huko, acha msumari mnyoofu. Tafuta bolti nene, ikunje kama herufi U, na unasie kipande cha chuma kinachofunga ncha zote mbili. Njia ya sumaku ikifungika ndani ya chuma bila kupita hewani, raundi zilezile zinafanya kazi maradufu na zaidi. Nusu ya ubishi kuhusu raundi ungekwisha watu wangezingatia hewa kwanza.

Onyo kwa wanaosuka kontakta

Kontakta ni swichi kubwa inayofungwa na sumaku umeme. Yote niliyosema ni ya umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja. Kwenye AC, umeme unaogeuka upande kila mara kama ule wa ukutani, mambo yanageuka. Kule anayezuia mkondo si ukinzani wa waya tu, ni uga wenyewe unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde na kuisukuma nyuma volteji. Kwa volteji ileile, raundi chache zinamaanisha uga mkubwa zaidi na ampea nyingi zaidi. Fundi kijana anayesuka upya koili ya kontakta ya volti 240, akapunguza raundi kidogo kwa sababu waya umeisha, ataifurahia inavyonasa kwa kishindo, inguruma kidogo, kisha iungue. Kontakta yenye umbo lilelile ya volti 24 ina raundi chache za waya mnene. Ya volti 240 ina raundi nyingi za waya mwembamba. Hesabu raundi za koili iliyoungua na upime waya wake kabla hujaitupa.

Ikigoma

Haivuti kabisa: vanishi haijakwanguliwa, au nusu ya raundi zimezungushwa kinyume. Weka dira karibu na kichwa cha msumari, tumia kitanzi cha 100 kisha cha 200. Sindano ikivutwa kwa nguvu kwenye 100 na kulegea kwenye 200, safu ya pili imegeuzwa. Inavuta sawa kwenye kila kitanzi: safu zimegusana mahali, au msumari umekuwa njia ya mkato. Pini hazidondoki umeme ukikatwa: rudisha msumari kwenye majivu. Koili inanukia: umeiacha muda mrefu, shaba ikipata joto la nyuzi 10 zaidi, ukinzani wake unapanda kwa kama asilimia 4, hivyo hata namba zako za mwisho zitakuwa pungufu. Acha ipoe urudie.

Na kama umeshika ncha mbili zilizokwanguliwa za raundi 800 kwa vidole wakati unachomoa betri, ukaruka: si betri ya volti 1.5 iliyokupiga. Ni uga uliokuwa umejaa kwenye msumari, ukianguka ghafla na kusukuma volteji kubwa kwenye raundi zote kwa pamoja. Shika ganda la waya, au weka diodi ya 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili, mstari wake mweupe ukielekea upande chanya wa betri.